Usifunge Ile Kolekta Inayong'aa

Wilondja mwanangu,

Sabuni iko kwenye begi, chandarua pia, na ndagala nimezikausha vizuri, hazitanukisha nguo zako. Juu ya kula, kulala na kusali sitakuandikia neno. Hayo nimeyasema tangu unatambaa. Kama hayakuingia, hayataingia kwa karatasi. Nakuandikia juu ya kolekta.

Najua utacheka. Mama gani anamwandikia mwanawe anayehamia Kalemie barua juu ya chuma cha moteri? Cheka, lakini soma mpaka mwisho. Leo mchana kwenye garaji ya baba yako mdogo, Etabo, nilianza kusema, nanyi wawili mkanimaliza. Etabo alifuta mikono kwa kitambaa akasema, "Mama Wilondja, we uko mama ya kuuzisha bunga. Achia bantu ya moteri kazi yabo." Nawe ukaangalia chini ukatabasamu. Ni lile tabasamu lililonifanya nitafute kalamu. Unajua nikikasirika mbele za watu sauti inanikatika, halafu wanadhani nimekubali.

Mambo yako hivi. Kolekta ya jeep ya baba yako imepasuka, na bila kolekta huondoki. Ndiyo inayopokea moto wa moteri kwenye matundu yote, inaukusanya na kuusukuma kwenye turbo, na turbo yenyewe, pamoja na uzito wake, inaning'inia hapo. Sasa pale garaji ziko mbili juu ya meza. Moja ni ile Etabo aliyoagiza Uvira, mabomba membamba ya inox, chuma kisichoshika kutu, yaliyopindwa kama matumbo ya mbuzi, inang'aa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nyingine ni nyeusi, nzito, chuma cha kumwaga, fonte, ina kutu pembeni. Hiyo niliifuata mwenyewe Kazimia, kwenye jeep ya namna ileile iliyokufa zamani, nikarudi nayo kwa boti nimeipakata mapajani kama mtoto, abiria wakiuliza kama inanyonya.

Ulisema, "Mama, nitaamua asubuhi." Vizuri. Kabla hujaamua, nisikilize bila Etabo kuwa katikati yetu.

Ulikuwa bado shule ya msingi baba yako alipoleta jeep ile. Ilitoka ng'ambo ya ziwa, volan, usukani wake, ikiwa upande wa kulia kama zote zinazotoka huko. Ulikaa upande wa kushoto ukasema wewe ndiye dereva, ukapiga kelele za moteri kwa mdomo mpaka mate yakajaa kwenye kioo. Baba yako aliyafuta kwa pindo la shati lake. Alikuwa anafuta kila kitu kwa pindo la shati, na mimi nilikuwa namgombeza, na sasa kuna siku naona shati la mtu sokoni limechafuka pindo tu, nasimama.

Alitaka volan ihamishwe kushoto, kwa kuwa huku kwetu magari yanapita mkono wa kulia, na mwenye volan ya kulia hawezi kuona mbele akitaka kupita lori. Ilihamishwa kwenye karakana moja kama wanavyohamisha watu wengi. Lakini volan haihami peke yake. Pampu ya freni, ile inayosimamisha gari, nayo ilihama, na mabomba yake. Kiwandani walikuwa wameweka freni upande mmoja na moto upande wa pili, wenye akili zao. Sisi tukavileta vikae jirani. Kwa kolekta ya kiwandani haikuwa shida, maana ile imejibana kwenye moteri kama mtu aliyeshika ukuta, na juu yake kulikuwa na bati la kuzuia joto. Bomba la freni lilipita kando, nafasi ikatosha.

Halafu Etabo akaleta zawadi. Ilikuwa inox, kama hii ya leo, ya kwanza kufika hapa Baraka, au ndivyo alivyosema. Nakumbuka alivyokuja nayo imefungwa kwenye kitenge, akaifunua polepole mbele ya kaka yake.

"Yaya, hii njo kolekta! Turbo itapumua. Na sauti yake, utasikia."

"Itaingia kwenye gari yangu?"

"Muuzaji amesema inaingia kwenye gari zote."

Gari zote! Maneno hayo mawili bado yananichoma. Yule muuzaji hakuuliza volan iko wapi. Hakuuliza bomba la freni linapita wapi, wala barabara ni ya namna gani, wala gari linabeba watu au linabeba hewa. Aliuza akafunga duka akaenda kula. Na waliotengeneza karatasi ile ya rangi, yenye picha ya gari jekundu kwenye lami isiyo na shimo hata moja, je, walishawahi kuiona njia ya Misisi? Walishawahi kuona jeep imepakia watu, mifuko ya muhogo, madumu, na mbuzi juu?

Walipoifunga ilibidi kuondoa lile bati la kuzuia joto, kwa sababu mabomba yalitokeza nje na bati halikupata pa kukaa. Bati likawekwa ukutani garajini. Baadaye niliona kuku wanalalia juu yake. Jeep ikawashwa, ikatoa sauti kama inajikohoza na kuimba pamoja, na watoto wa avenue nzima wakaikimbilia nyuma. Hata mimi nilitoka na mikono yenye unga nikapiga vigelegele. Tulikuwa na furaha sana, Wilondja. Sitaki usahau hilo, kwa sababu kesho utasikia sauti ile tena na utafurahi, na furaha yako haitakuwa ya kijinga. Ni sauti nzuri kweli.

Baada ya hapo baba yako alianza kusema freni inalegea. Si kila wakati. Alikuwa anarudi jioni akisema, "Leo nilikanyaga mara mbili ndiyo ikashika." Asubuhi Etabo anakuja, anakanyaga, pedali ngumu kama jiwe. "Yaya, freni iko bien." Bila shaka iko bien! Gari limelala usiku kucha, limepoa. Hakuna aliyefungua kapo, kifuniko cha moteri, wakati moteri imetoka kupanda kilima. Waliongeza mafuta ya freni, wakafunga, wakaagana.

Ile siku alikuwa anatoka Misisi, amejaza. Alipanda mpaka Fizi, moteri ikivuta kwa nguvu zake zote, na mabomba yale, nimeambiwa na waliokuwa ndani, yalinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alishusha abiria wawili Fizi, akaanza kuteremka kuja kwetu. Mama muuza ndagala aliyekaa mbele alikuja kunieleza mkono wake ukiwa bado umefungwa bandeji. "Alikanyaga, ikashuka," alisema. "Akakanyaga tena, ikashuka kama anakanyaga bukari ya moto kwenye sufuria. Akatuambia tu, 'Mushikilie,' akavuta volan upande ya mulima." Upande mwingine ni korongo, unapajua. Alichagua mlima. Wote walitoka hai isipokuwa yeye.

Mafuta ya freni yalichemka. Ni hivyo tu. Mimi napika, najua kitu kikichemka kinajaa mapovu, na povu huwezi kulisukuma nalo kitu. Walipoivuta jeep mpaka garajini nilikwenda, bado nina majivu ya kilio kichwani. Niliomba wafungue kapo. Bomba la freni lilikuwa limepita kando ya yale mabomba ya kung'aa, karibu kiasi cha kidole, na pale mahali lilikuwa jeusi, mpira wake umeyeyuka ukachuruzika kama mshumaa. Nilimwita Etabo nikamwonyesha. Aliangalia, Wilondja. Nakuapia aliangalia, muda mrefu. Halafu akashusha kapo kwa mikono miwili, taratibu, kama anafunika mtoto.

"Shemeji, sasa haiko saa ya kuangalia moteri."

Ikawa saa ya kufanya nini? Wanaume wakakaa lubunga, kikao chao, nje, moto katikati. Sisi wanawake tukawa ndani kwenye mikeka. Mjane hasemi lubunga, na anayeomboleza hata mlangoni pao hafiki. Niliwasikia kupitia dirishani. Hakuna aliyetaja freni. Walitaja bulozi, uchawi. Walizunguka weee, kisha wakafika kwa Mama Nyassa.

Unamkumbuka Mama Nyassa, jirani yetu, yule aliyekuwa anakukaangia karanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa kuwa kikaango hakuwa nacho. Kosa lake lilikuwa hili: asubuhi baba yako anaondoka, aliomba apande mpaka Fizi, akaambiwa gari limejaa. Akajibu, "Haya, mufike salama." Wakasema neno hilo alilisema kwa sauti isiyo ya kawaida. Salamu! Walimhukumu mwanamke mzee kwa salamu. Kwa kuwa ana macho mekundu ya moshi wa kuni, kwa kuwa watoto wake wote walikufa, kwa kuwa hakuna mwanaume wa kumsemea kwenye moto ule. Na mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekaa nao, hakupinga. Yeye alisema labda ni bulozi, labda ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka kutoka nimuulize kama Mungu ndiye aliyekaza bulon zile, skrubu za kolekta. Wanawake wakanishika mikono.

Waling'oa mabati ya nyumba ya Mama Nyassa siku ya tatu ya kilio. Aliondoka na sufuria na kile kifuniko. Alitembea mpaka Lusenda, na pale kando ya kambi ya wakimbizi mwanamke mmoja Mrundi, aliyekimbia kwao naye bila kitu, akamkatia pembe ya kiwanja chake. Mgeni alimpa mahali, na sisi tuliozaliwa naye tukambomolea. Unafikiri mimi nakwenda Lusenda kila mara kufuata muhogo wa bei nafuu. Muhogo upo hata hapa. Nakwenda kumwona.

Safari ya kwanza nilisimama uani nikalia. Alinipa kiti akaniambia, "We mama, nyamaza. Kama mi niko na nguvu ya kuangusha jeep mzima, shamba yangu ningelimia na mukono tena?" Akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka nami, na nilipocheka ndipo hasira ikaniingia vizuri, na mpaka leo haijatoka. Sitaki itoke. Watu wananiambia nisamehe. Nisamehe nini? Hakuna aliyewahi kuniambia, "Tulikosea." Jeep ilitengenezwa, ikafungwa kolekta kuukuu ya chuma, ikapelekwa kwa mchungaji ikaombewa, ikarudi barabarani. Freni hazikulegea tena. Wakasema maombi yameshinda. Maombi, si chuma!

Sasa ile kuukuu imekufa kwa uzee wake, na Etabo anakuletea inox.

Simchukii baba yako mdogo, na wewe usimchukie. Alikulipia shule. Alikufundisha kuendesha kwenye kiwanja cha mpira, akakimbia pembeni ya mlango ameshika volan kwa dirisha, tumbo linaruka. Hakufunga kolekta ile kwa ubaya. Aliifunga kwa kumpenda kaka yake, na ndiyo maana hawezi kuitazama. Nimekaa nikimfikiria miaka yote hii, na nakuambia ninavyoona: anataka kufunga nyingine ya namna ileile ili wewe uende na urudi salama, naye alale akijua kwamba ile ya kwanza haikuwa na kosa. Namhurumia. Lakini mwanangu si kipimo cha usingizi wa mtu.

Tena sikuambii kwamba inox ni shetani. Labda kwenye gari ambalo volan yake haijahamishwa, kwenye lami, mwenyewe peke yake na redio, ni kitu kizuri. Wewe huna gari hilo wala barabara hiyo. Gari lako lina turbo inayoning'inia kwenye kolekta, na kila shimo la kwenda Misisi linaivuta chini. Mabomba membamba yameunganishwa kwa kuchomelea, na pale palipochomelewa ndipo patakapopasuka kwanza. Pakipasuka, moto wote utatokea hapo, na hapo jirani ni wapi? Ni freni. Ile nyeusi ni nzito kwa sababu ina kazi ya kubeba. Nimeilaza kwenye kioo nilichokitoa kwenye dirisha letu nikainama kuangalia kama mwanga unapita chini ya mdomo wake. Hakuna mwanga, haijapinda. Matundu ya turbo nimeyalinganisha na yale ya kuukuu kwa karatasi niliyoitoboa, yanakutana. Nilikwenda pia nikafukuza kuku nikachukua lile bati la kuzuia joto. Limejikunja kidogo. Nimelinyoosha kwa mchi.

Huko Kalemie utakuta watu watakaokuambia hii yako ya zamani inakaba turbo, unapoteza nguvu. Kweli, labda utapoteza kidogo. Utapanda kilima polepole. Baba yako alipanda kwa kasi.

Na neno hili ndilo nililoshindwa kulisema garajini. Ikitokea ukafunga ile inayong'aa, na likakupata la baba yako, unadhani safari hii watafungua kapo? Hawatafungua. Watakaa tena kwenye moto, wanaume haohao, nao watatafuta mwanamke. Mama Nyassa yuko mbali. Nani yuko karibu? Nani ana mvi sasa, ana macho mekundu ya moshi, mume wake alikufa na jeep ileile, halafu mtoto wake? Nani aliyekuwa akiinama juu ya vyuma vya gari kabla ya safari, akivigusa na kunong'ona? Watu wa boti ya Kazimia watashuhudia kwamba walimwona amepakata chuma. Usiwalaumu kabla ya wakati, wewe hesabu tu mwenyewe kama watamkosa.

Siogopi kufukuzwa. Lusenda nina mahali, Mama Nyassa ameshaniambia kwa utani kwamba pembe yake ya kiwanja nayo ina pembe. Ninachokataa ni kwamba ufe kwa chuma halafu waseme ni mama yako. Nakataa, Wilondja. Kwa baba yako walininyima kusema. Kwako nitasema mpaka wanichoke.

Basi ninakuomba. Asubuhi nenda garaji kabla Etabo hajafungua mlango wa bati, umsubiri, na umwambie wewe mwenyewe, kwa heshima, kama mtoto kwa baba: "Baba mudogo, tunafunga ya fonte." Usiseme mama amesema. Sema ni wewe. Akikasirika mwache akasirike. Akinyamaza, mpe ufunguo wa bulon akaze yeye kwa mikono yake, kila bulon, na lile bati juu. Nafikiri itamsaidia kuliko maneno yangu yote.

Mkimaliza usishike njia ya Fizi. Njoo nyumbani unichukue, twende kwanza Lusenda. Si njia ya kwenda kwako, najua, inarudi nyuma. Endesha kwa nguvu, usinionee huruma kwenye mashimo. Tutaingia mpaka uani kwa Mama Nyassa, uzime moteri, na ufungue kapo hapohapo bila kungoja ipoe. Ulipokuwa mdogo na malaria nilikuwa nakupima homa kwa mkono, na sikukosea hata siku moja. Nitaweka mkono wangu kwenye bomba la freni, pale lilipoungua la baba yako. Mama Nyassa atakuja kutusalimia. Unajua salamu zake zilivyo ndefu: atakuuliza habari za Etabo, na za muhogo, na za karanga ulizokula na hukulipa, na kila mtu wa avenue iliyomfukuza, mmoja mmoja, kwa jina.

Akimaliza kusalimia na mkono wangu bado uko pale, utaenda Kalemie kwa amani, naye atakuambia tena, mbele yangu, "Mufike salama." Nataka ulisikie neno hilo kwa masikio yako, ujue lilivyo zuri.

Nikiuondoa mkono kabla hajamaliza, tunarudi nyumbani wote wawili.

Mama yako, muuza unga